Karatasi Niliyompa Ami Yako Seif

Ibra, mkesha wa safari yako

Mwanangu Zuweina,

Habari za koti, za dawa ya tumbo, za kumpigia simu khalati yako wa Maskati kabla hujaingia uwanja wa ndege, zote umeshaambiwa, na nyengine umeambiwa mara tatu na watu watatu. Mimi sitakuongezea. Paspoti yako nimeikagua mpaka mihuri yake naiona nikifumba macho. Viza ya masomo imo, tiketi imo, barua ya chuo imo kwenye bahasha ya kaki. Ya Ami Seif, atakayekupeleka, nayo nimeikagua vivyo hivyo: viza ya utalii ya wiki mbili, tiketi ya kwenda na kurudi, anwani ya mahali atakapofikia Kuala Lumpur, na zaidi ya miezi sita iliyobaki kabla paspoti haijaisha. Kwa upande wa makaratasi mambo yenu ni safi. Ninayokuandikia ni mambo yangu mimi, na hayo si safi.

Juzi tulipokuwa tunakunja nguo uliniuliza mbona macho yangu yanalowa kila Ami Seif akija kutoka Sur. Nikakwambia vumbi. Ukacheka ukasema, "Mama, vumbi gani hilo linalokuja na gari yake tu?" Sikukujibu. Sasa nakujibu.

Unajua kuwa nilizaliwa Unguja mjini, na kuwa babu yako mzaa mama alikuwa karani wa serikali akatusomesha sote, wanawake kwa wanaume. Usilolijua ni vile nilivyofika hapa Oman. Nilikuja na baba yako mwanzo wa miaka ya sabini, wewe hata kutambaa bado. Kiarabu changu kilikuwa cha msahafu na cha kuamkiana. Nilikwenda falajini, kwenye mfereji wa maji ya mashamba, kufua pamoja na wanawake wa mtaa, na kila nikifungua mdomo walikuwa wakitazamana. Siku moja nilitaka kuazima ndoo, nikatamka neno jengine kabisa, neno la chumbani, wakacheka hata mmoja wao akakaa majini na nguo zake. Nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nikalia, maana Unguja mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia wenzangu barua, na hapa nilikuwa mtu mzima asiyejua kuomba ndoo. Walikuwa wakiniita Zinjibariya, na hawakusema kwa ubaya. Lakini mtu akiitwa jina la mahali alikotoka, anajua kuwa hapa alipo hajafika.

Kitu kimoja nilikuwa nacho ambacho mtaa mzima haukuwa nacho, nacho ni Kiingereza. Hospitali ilipofunguliwa, madaktari walikuwa Wahindi na dawa zimeandikwa Kiingereza, na watu wakaanza kubisha mlango wetu na chupa mikononi. Mpelekeeni Zinjibariya, wakisema. Halafu zikaja barua za makampuni, mikataba ya kazi, karatasi za Jawazat, idara ya paspoti. Hata wale waliocheka falajini walikuja, wakakaa kwenye mkeka wangu na kunisubiri nisome. Mwanangu, sikufichi, nilikuwa nikisoma polepole makusudi ili waendelee kunitazama.

Afisi ya safari ilipofunguliwa karibu na soko, mwenye afisi alimfuata baba yako, akataka nifanye kazi kwake. Ami zake baba yako wakakataa katakata. Aliyenitetea ni Bibi yako Zayana, mama mkwe wangu. Alisimama pale ukumbini na bakora yake, mwanamke ambaye hakujua hata kuandika jina lake, akasema, "Mwacheni. Elimu yake ni yetu sote. Mnataka aioshee vyombo?" Basi nikaenda. Wakaniwekea ubao wa kunisitiri na wanaume, meza, na mashine ya chapa, na kila aliyekuja na swali aliuliza kutoka upande wa pili wa ubao nami nikamjibu. Mengi nilikuwa nayajua. Mengine sikuyajua, na hayo pia niliyajibu.

Ami yako Seif unamjua kwa upole wake na kwa lori lake la maji. Mimi nilimjua kijana. Baba yako alipopelekwa skuli mjini, yeye ndiye aliyebaki Pemba na mama yao shambani, kwa sababu mmoja lazima abaki. Akasoma chuo cha Kurani tu, msahafu akauhitimu, na Kiingereza hakikumpitia kabisa. Walipohamia Ibra alishika shamba la mitende la familia na zamu yetu ya maji ya falaji. Saa ya mkononi hakuwa nayo, na maji yetu hayakupata kupotea hata dakika moja. Na Bibi yako alikuwa hali chakula mpaka Seif akae.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mbili macho ya Bibi yalipoanza kumsumbua. Daktari wa hospitali alimtazama akasema presha imepanda ndani ya jicho la kulia, na la kushoto linafuata, na lazima apasuliwe upesi. Mwalimu wa daktari huyo alikuwa akifanya kazi Kuala Lumpur. Akamwandikia, akapata nafasi, na siku ikapangwa. Daktari alituambia waziwazi, "Msichelewe. Jicho hili haliwezi kusubiri." Baba yako wakati ule alikuwa kazini Nizwa, hawezi kuacha kazi yake. Ikawa Seif ndiye atakayempeleka mama yake. Wataingia kama watalii, kwa sababu ndiyo njia ya upesi. Na makaratasi? Makaratasi, kila mtu akasema, tunaye Zuhura.

Afisini tulikuwa na kijitabu kinene cha masharti ya kuingia nchi zote. Nikakifungua kwenye Malaysia. Kikasema mtalii awe na paspoti yenye uhai wa miezi sita, tiketi ya kurudi, na uwezo wa kujikimu. Chini yake kikasema raia wa nchi za Jumuiya ya Madola hawahitaji viza kwa ziara fupi, na orodha ya nchi hizo iko ukurasa wa nyuma. Mimi nilikulia chini ya Mngereza. Hapa Oman nako Waingereza tulikuwa tukiwaona Maskati kila siku, jeshini, bengi, kila mahali. Nikasema moyoni, Oman imo. Ukurasa sikuugeuza. Wallahi, mwanangu, ulikuwa ukurasa mmoja, na kidole changu kilikuwa kimeshaushika pembeni.

Nikapiga barua kwa Kiingereza kwenye karatasi ya afisi, kuwa wasafiri hawa wawili ni watalii, wana tiketi za kurudi, viza hawahitaji. Nikaikunja, nikampa Seif.

"Hii uionyeshe uwanja wa ndege wakikuuliza chochote," nikamwambia.

Akaishika kwa mikono miwili. "Shemegi, hakuna mahali tunapotakiwa kwenda kwanza? Mtu mmoja sokoni kaniambia mwanawe alikwenda ubalozini kabla hajasafiri."

Nikamjibu, "Seif, kazi hii naifanya mimi au mtu wa sokoni?"

Akacheka. "Samahani, shemegi." Akaitia karatasi kwenye mfuko wa kanzu, akaipapasa juu yake kama mtu anayehakikisha.

Wakaondoka Jumamosi. Siku ya pili yake, asubuhi, simu ya afisi ikalia. Alikuwa mtu wa shirika la ndege, Maskati. Abiria wetu wawili wamezuiwa Kuala Lumpur kwa kukosa viza, wamewekwa kwenye chumba cha uwanja, na watarudishwa kwa ndege ijayo. Nikauliza kwa sauti ambayo sikuijua kuwa yangu, "Kwani Waomani wanahitaji viza?" Akasema, "Bibi, si mnacho kitabu?"

Nikakifungua, nikageuza ukurasa. Nikaisoma ile orodha kwa kidole mara mbili, jina baada ya jina. Oman haimo.

Nataka ulijue hili vizuri, kwa sababu ndilo linaloniondolea kila udhuru. Sikushtukizwa. Walifika nyumbani siku ya pili yake adhuhuri. Nilikuwa na siku nzima na usiku wake wa kujitayarisha kusema maneno manne: nimekosea, kosa ni langu. Niliyasema peke yangu jikoni. Niliyasema nikichuja kahawa. Yalikuwa tayari mdomoni.

Baba yako alitoka Nizwa kwenda kuwapokea uwanja wa ndege wa Sib, akawaleta. Bibi aliingia ameshikwa mkono, buibui limekunjamana, kachoka hajioni. Jirani wakajaa. Ami zake baba yako wakaja, wale wale walionikatalia kazi, wakakaa ukutani safu moja. Baba yako akasimama katikati.

"Imekuwaje?"

Seif akasema, "Wamesema hatuna viza."

Na watu wote, mwanangu, waligeuka wakanitazama mimi. Niliyaona macho ya wale wazee. Nikawaona wanawake wa falajini mlangoni. Nikaona mkeka wangu mtupu, hakuna wa kubisha hodi tena. Na mdomo wangu, ambao ulikuwa na maneno manne tayari, ukasema haya:

"Mimi nilimwandikia kwenye karatasi apeleke paspoti ubalozini kwanza. Seif, karatasi iko wapi?"

Akajipapasa mifuko. Naiona mpaka leo ile mikono inavyotafuta kifuani, kiunoni, tena kifuani.

"Ile... nilimpa yule wa kaunta. Akaisoma, akaichukua."

"Hiyo ilikuwa nyengine," nikasema. "Nilikupa mbili."

"Mbili?"

"Mbili, Seif. Na nikakwambia na kwa mdomo."

Kama angenikatalia ningeanguka palepale. Lakini hakujua kusoma kilichokuwa kimeandikwa, wala hakuwa na njia ya kujua. Aliniamini mimi kuliko alivyoviamini viganja vyake. Uso wake ulifanya kazi ya kukumbuka kitu ambacho hakikutokea, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Labda ilinianguka. Labda sikusikia vizuri."

Baba yako akamwambia maneno ambayo sitayaandika. Bibi akasema, "Basi, Hamed. Basi. Mtoto kachoka." Seif alikuwa na miaka thelathini na mbili.

Viza tulipozitafuta kwa njia yake, paspoti zilikwenda nje na kurudi, na nafasi ya daktari ilikuwa imeshapita, tukangoja nyengine. Ikawa miezi mitatu na siku kadhaa. Safari ile baba yako aliomba ruhusa kazini akaenda mwenyewe, Seif hakuambiwa hata aje kuwaaga. Jicho la kushoto likaokoka. La kulia daktari aliliangalia akatikisa kichwa. Unakumbuka Bibi alivyokuwa akigeuza uso mzima ili akuone ukiingia kutoka upande wa kulia? Ulikuwa ukidhani ni mzaha wake, ukiingia kwa kunyemelea upande ule ili umshtue. Mimi nilikuwa nikitoka chumbani.

Zamu ya falaji baba yako akampa mtu mwengine. "Kama karatasi imemshinda, maji atayaweza?" alisema, naye alikuwa na hasira ya mtoto juu ya jicho la mama yake. Simlaumu. Seif alikuwa ameposa binti wa watu wa Izki, watu wazuri. Wakaulizia, kama watu wanavyoulizia, wakaambiwa, na posa ikarudi kwa maneno laini. Na sokoni, jina likazaliwa. Sijui alianza nani. Bu Waraqa, mwenye karatasi. Wakubwa walilisema akishapita, wadogo walilisema akiwa yupo.

Na wewe ulilisema. Ulikuwa na miaka kumi na tatu, tumekaa tunakula, Ami Seif anaosha mikono uani, nawe ukaita, "Ami Bu Waraqa, njoo, wali unapoa!" Nikakupiga kofi. Sikupata kukupiga kabla yake wala baada yake. Ulinitazama kwa mshangao zaidi kuliko maumivu, ukasema, "Mbona kila mtu anamwita hivyo?" Kofi lile, Zuweina, halikuwa lako. Lilitafuta shavu langu likakosea njia. Naomba unisamehe kwa hilo peke yake, hata kama mengine utayaweka.

Mwaka ule ule akahamia Sur, akaendesha lori la maji, na baadaye akaoa mjane wa hukohuko, mwema. Habari ya chumba cha uwanja wa ndege hakuwahi kuisimulia kwa kulalamika. Alikuwa akisimulia jambo moja tu: kuwa askari aliyekuwa akiwalinda aliposikia adhana alivua viatu, akamtandikia Bibi msala wake mwenyewe, akamshika bega akamwelekeza kibla. Na Bibi aliposalimu akauliza, "Seif, tushafika?" Naye akamwambia, "Tushafika, mama." Maana hakutaka ajue kuwa wanarudishwa mpaka iwe lazima. Alikuwa akifika hapo anacheka kidogo, kisha anaomba maji ya kunywa.

Utaniuliza, mama, na miaka yote hiyo ulikuwa ukifanya nini? Nilikuwa nikifanya kazi yangu vizuri. Hakuna msafiri aliyetoka kwenye afisi ile na kosa tena. Niligeuza kila ukurasa. Kila mtu Ibra alijua kuwa Bi Zuhura hakosei. Nilikuwa nikimpelekea Seif halua kila Idi, na nguo za wanawe, na kila nilipotuma kitu nilijisikia kama niliyesema neno. Sikuwa nimesema. Kweli ile saa ya kwanza ilikuwa nyepesi, ningeisema nikaona haya mwezi mmoja, miwili. Kila mwaka ikaongezeka uzito, na mimi nikawa sina nguvu za kuinyanyua, nikajiambia kuwa imeshazikwa. Nami ndiye niliyekuwa nimeikalia juu.

Bibi yako alipokuwa anakata roho mwaka jana, ulikuwa Maskati kwenye mitihani. Alimwita Seif akaja kutoka Sur usiku huohuo. Akamshika kichwa, akamwambia, "Mwanangu, ile ya jicho nimekusamehe. Nimekusamehe duniani na akhera." Seif akalia, akambusu mkono. Mimi nilikuwa miguuni pa kitanda, nimeshika kikombe cha maji ya zamzam. Sikusema. Hata pale.

Halafu wewe ukapata nafasi ya chuo, na nchi ikawa ile ile. Baba yako mguu wake hauwezi safari ndefu, na msichana hatumwachii aende peke yake. Tukaanza kutaja majina, na wewe ukatukata: "Nataka Ami Seif anipeleke." Baba yako akasema, "Seif? Na makaratasi yote hayo?" Ukasema, "Makaratasi nitayashika mimi. Yeye nataka anishike mimi." Sikujua kama nikukumbatie au nikimbie.

Akaja kutoka Sur kujaza fomu ya viza ya utalii. Alikaa mbele ya meza yangu, kofia magotini. Jina, jina la baba, mahali alipozaliwa, kazi, sababu ya safari. Karibu na mwisho palikuwa na swali: umepata kukataliwa kuingia nchi hii au nyengine yoyote? Kama ndiyo, eleza sababu.

Kalamu yangu ikasimama. Kuandika hapana singeweza, mhuri wa kukataliwa ulikuwepo kwenye paspoti yake ya zamani na majina yao yako huko. Nikaandika ndiyo. Kisha nikaandika kwa Kiingereza, kwa hati nzuri, kuwa alikataliwa kwa kosa la mtu aliyemtayarishia makaratasi, na kuwa msafiri mwenyewe hakuwa na kosa lolote.

"Hapo pana maneno mengi," Seif akasema. "Wanauliza nini?"

"Mambo ya kawaida," nikamjibu.

Akatia sahihi yake chini ya maneno yangu. Nimeungama, mwanangu, kwa watu nisiowajua, kwa lugha asiyoisoma, na yeye mwenyewe nikamfanya shahidi bila ya kumwambia. Viza ilitoka. Walioisoma fomu ile ubalozini walijua kuwa Seif bin Nasser hana kosa. Ndugu yake hakujua. Yeye mwenyewe hakujua.

Leo baada ya alasiri wewe ulikwenda kuwaaga jirani. Seif alikuwa ukumbini peke yake. Nilimpelekea kahawa, nikakaa chini mbele yake, si pembeni. Nikamwambia yote kama nilivyokuandikia hapa, isipokuwa kwa maneno machache. Kikombe chake kilibaki mkononi.

Alipozungumza hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Ile karatasi. Ilikuwa imeandikwa nini?"

Nikamwambia neno kwa neno. Nilikuwa nayakumbuka yote.

"Na nyengine?"

"Haikuwepo nyengine, Seif."

"Basi sikuiangusha."

"Hukuiangusha. Hukupewa kitu cha kuangusha."

Akaweka kikombe. "Nimeitafuta, shemegi. Miaka hii yote. Nikilala naitafuta. Kwenye gari, kwenye basi la uwanjani, chini ya kiti cha ndege. Nimeitafuta mpaka nikaiona rangi yake." Akaishika kofia yake. "Mama kanisamehe. Kafa akinisamehe kitu nisichokifanya."

Nilimwomba radhi, na radhi yangu niliisikia ilivyo ndogo mle ukumbini. Hakunipa, wala hakuninyima. Akasimama akavaa kofia.

"Hamed ajue," akasema. "Umwambie wewe. Mimi sitamwambia."

"Na safari?"

Akageuka mlangoni akanitazama kama niliyemtukana. "Mtoto ana kosa gani?"

Baba yako nilimwambia baada ya magharibi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikata, na ulimi wake unaujua. Akachukua fimbo akatoka kwenda barazani alipokuwa Seif. Nilibaki nyuma ya mlango, na hilo nalo nakuungamia. Nilimsikia akisema, "Seif, ukirudi, zamu ya maji ni yako." Na Seif akajibu taratibu, bila ya hasira, "Mimi n'na kazi yangu Sur, Hamed." Nikachungulia. Baba yako, na mguu wake ule mbovu, alikuwa amekaa chini kwenye sakafu ya baraza, karibu na miguu ya mdogo wake, na Seif alikuwa akihangaika kumwinua, "Inuka, kaka, utaumia, inuka," naye hainuki.

Mimi baba yako hajanisemesha mpaka sasa. Labda kesho. Labda haitakuwa kesho. Hiyo ni haki yake, na sitamharakisha.

Nilifikiri ningekuwa na nasaha nyingi za kukupa. Ninayo moja tu, na sijui kama ni nasaha. Utakwenda kwenye nchi ambayo hujui kuomba ndoo. Watakucheka. Halafu utajifunza, utakuwa hodari, na watu watakuja kukuuliza, na utamu wake utauonja. Siku hiyo ikifika na ukaulizwa usilolijua, sema hujui. Utaona haya, na haya hizo zitapoa kabla ya chakula cha usiku. Na ukishakosea, kimbilia kusema ungali unatetemeka. Usingoje ukatulia, maana mimi nilipotulia ndipo nilipodanganya.

Bado jambo moja. Utashangaa mbona nimekuandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyokuwa akiandika babu yangu, na si kwa hizi za Kizungu nilizozizoea. Kwanza, wewe herufi hizi ndizo ulizosomea skuli, na zile nyengine Kiswahili chake unakisoma kwa kukwama. Pili, Ami yako anazisoma tangu alipohitimu msahafu.

Ukimaliza, mpe. Usimsomee, mpe mkononi aisome mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa mwendo wake. Ikiwa kuna mahali nimejipendelea, au nimeruka kitu, ataona, na atakwambia. Yeye umwamini.

Mama yako,
Zuhura